Kipandauso: Namna ya Kukitambua na Kukitibu Kabla Hakijaitwa Malaria

Mgonjwa huingia kwa tabibu akiwa amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, mkono mmoja umeshika kichwa, na maelezo yake yote ni sentensi moja: "Kichwa kinaniuma." Kwa sentensi hiyo hutolewa tone la damu kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo kisipoonyesha malaria huulizwa habari za homa ya matumbo. Hiyo nayo isipopatikana, hupimwa shinikizo la damu, na mwishowe huondoka na vidonge kumi vya parasetamo. Wapo wanaoondoka na dawa ya mseto licha ya majibu ya kipimo, kwa kuwa mgonjwa amesisitiza au foleni ni ndefu. Baada ya wiki tatu anarudi na sentensi ileile.

Somo hili linamhusu mgonjwa huyo, na limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa Endabash na kata jirani za wilaya ya Karatu, pamoja na msomaji yeyote anayejiuliza kwa nini kichwa chake hakiponi. Nyanda za juu za Karatu zina baridi, na malaria si nyingi huko kama ilivyo chini kwenye joto la bonde la Ziwa Eyasi. Kwa hiyo mtu mzima wa Endabash anayeumwa kichwa mara kwa mara kwa miaka mingi, bila homa, ana sababu nyingine. Yamkini sababu hiyo ni kipandauso, ugonjwa wenye jina la Kiswahili la siku nyingi, lakini ambao ni nadra kuuona umeandikwa kwenye kadi ya mgonjwa.

Wapo wanaodai kwamba kipandauso ni maradhi ya watu wa mjini na wa ofisini. Dai hilo limekwisha kujibiwa hapahapa kwetu. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika nyanda za Mbulu zinazopakana na Karatu, walipita nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwahoji watu zaidi ya 7,000. Walikikuta kipandauso miongoni mwa wakulima na wafugaji wasiojua ofisi. Duniani kote wenye ugonjwa huu hukadiriwa kuwa zaidi ya bilioni moja, na wanawake huwazidi wanaume mara mbili hadi tatu. Kipandauso hakiui, na pengine ndiyo maana hakipewi uzito. Lakini katika hesabu za kimataifa za miaka ambayo watu huishi wakiwa hawajiwezi kwa sababu ya maradhi, kimekuwa kikishika nafasi ya pili. Kwa mwanamke mkulima, siku tatu za kipandauso katika mwezi wa palizi ni magugu yaliyoshinda mahindi.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, ambaye mwenyewe aliugua kipandauso, alichapisha michoro ya maruerue aliyoyaona kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kwa kupima jinsi doa lenye kingo za kumetameta lilivyotanuka katika upeo wa macho yake, alikokotoa kwamba kitu fulani kilikuwa kinasafiri juu ya gamba la ubongo wake kwa mwendo wa milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura, aliliona wimbi la namna hiyo: chembe za ubongo huchangamka kwa nguvu, kisha hunyamaza, na unyamavu huo husambaa polepole kama maji yanavyolowesha kitambaa.

Leo tunajua zaidi. Neva kubwa ya uso, ambayo matawi yake huizunguka mishipa ya damu ya utando wa ubongo, huamshwa na kumwaga kemikali zinazoleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Ubongo wenyewe, kwa muda huo, hushindwa kuchuja mambo ya kawaida: mwanga wa dirisha hugeuka kisu, kelele za watoto hugeuka nyundo, harufu ya mafuta ya taa huleta kichefuchefu. Hali hii kwa sehemu kubwa hurithiwa. Ukimuuliza mgonjwa kama mama yake naye alikuwa akijifungia chumbani, mara nyingi atacheka kidogo na kukubali. Basi kumwambia mtu kwamba "ni mawazo tu" si kweli, na pia humfanya asirudi tena.

Maswali kabla ya vipimo

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kipandauso, wala picha ya ubongo haikionyeshi. Kwa zahanati ya kijijini hiyo ni habari njema: kifaa kinachohitajika ni kiti cha pili na dakika kumi. Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, wa mama wa miaka 34, mkulima wa mahindi na mbaazi.

"Mama, kichwa hiki kimeanza lini?"

"Leo alfajiri, daktari."

"Na kabla ya leo?"

"Ah, hiki nimekizoea. Tangu sijaolewa."

"Huja mara ngapi?"

"Mwezi haupiti. Mara mbili, mara tatu."

"Kikija hukaa muda gani?"

"Kikianza asubuhi ni mpaka kesho yake jioni. Nikitapika nikalala, naamka na nafuu."

"Siku kama hiyo unafanya kazi gani?"

"Kazi gani tena, daktari? Nafunga mlango na dirisha. Watoto nawapeleka kwa bibi yao wasinipigie kelele. Hata moto siwashi."

Ugonjwa umekwisha kujieleza. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa, kipandauso cha kawaida ni mashambulizi yasiyopungua matano, kila moja likidumu kati ya saa 4 na 72 lisipotibiwa. Maumivu yawe na angalau sifa mbili kati ya nne: yako upande mmoja, yanapiga kama mapigo ya moyo, ni ya wastani au makali, na yanazidi mtu akitembea au kupanda mlima. Pamoja nayo kuwe na kichefuchefu au kutapika, ama kuchukizwa na mwanga na kelele kwa pamoja. Angalia kwamba upande mmoja si sharti. Wapo wengi ambao kichwa chote huwauma, na hao ndio hukoseshwa jina la ugonjwa wao kwa sababu mhudumu alikariri sifa moja tu.

Angalia pia namna swali la mwisho lilivyoulizwa. Ukimuuliza mgonjwa, "Je, mwanga unakusumbua?" atafikiri kidogo na kusema hapana, kwa maana hajawahi kuliwaza jambo hilo kwa maneno hayo. Muulize anafanya nini siku hiyo, naye atakueleza habari za mlango na dirisha. Pale ambapo foleni hairuhusu dakika kumi, yapo maswali matatu yaliyojaribiwa na watafiti wa Marekani mwaka 2003 kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida: Je, kichwa kikiuma unapata kichefuchefu? Je, mwanga unakuudhi? Je, katika miezi mitatu iliyopita kimekuzuia kufanya kazi kwa siku moja au zaidi? Anayejibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, uwezekano wa kipandauso ni mkubwa sana.

Takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne hupata dalili tangulizi. Huona vimulimuli, mstari wenye meno kama ya msumeno, au sehemu ya uso wa mtu aliye mbele yake ikipotea. Wengine huhisi ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni, au maneno huwapotea. Dalili hizi huja polepole, hudumu kati ya dakika 5 na 60, kisha huondoka. Huko kuja polepole ndiko kunakozitenganisha na kiharusi, ambacho hupiga mara moja. Watu wanaoona vimulimuli mara nyingi hawasemi, wakihofia kudhaniwa wamepagawa au wamerogwa. Mhudumu na aulize kwa upole, na akishajibiwa aeleze kwamba jambo hilo linajulikana na lina jina.

Watoto wana namna yao. Shambulizi la mtoto laweza kuisha kwa saa mbili, huuma pande zote, na wakati mwingine tumbo ndilo linalouma zaidi. Mtoto anayeacha mchezo mwenyewe, akatafuta mahali penye giza, akatapika, akalala, kisha akaamka na kurudi mchezoni, anastahili kuulizwa juu ya kichwa.

Maumivu ambayo si kipandauso

Hapa ndipo penye hatari, na ndipo inapofaa kutumia muda zaidi. Kuna kosa la kukiita kipandauso malaria, na kuna kosa zito zaidi la kukiita kila kichwa kipandauso.

Maumivu yanayofikia kilele chake ndani ya dakika moja, ambayo mgonjwa huyataja kuwa hajawahi kuyapata maishani, huenda ni damu inayovuja kwenye ubongo. Maumivu yenye homa na shingo ngumu ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au asiyejua hali yake, akipata maumivu mapya yanayoongezeka kwa wiki kadhaa, anahitaji kupimwa na kupelekwa mbele, kwani utando wa ubongo waweza kuwa umeshambuliwa na fangasi au kifua kikuu. Maumivu yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, yanayofuata pigo la kichwa, au yanayoambatana na udhaifu wa upande mmoja usioondoka, yote hayo si ya kutibiwa kwa vidonge na kuambiwa "rudi wiki ijayo".

Mjamzito aliyevuka wiki 20, au mama aliyejifungua karibuni, akilalamika kichwa, kipimo cha kwanza ni shinikizo la damu na cha pili ni protini katika mkojo. Hata kama amekuwa na kipandauso tangu usichana, shinikizo la 140/90 au zaidi linabadilisha mambo yote: hicho ni kitisho cha kifafa cha mimba.

Kisha yapo mambo yanayohusu nyanda zetu hasa. La kwanza ni tegu wa nguruwe. Mayai ya tegu, yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, yakimezwa kwa maji au chakula kichafu, huzaa vifuko vinavyoweza kukaa ndani ya ubongo. Uchunguzi uliofanywa Haydom umeonyesha kuwa ugonjwa huu upo Mbulu na ni miongoni mwa sababu za kifafa. Asiyekula nguruwe naye hasalimiki, kwa kuwa maambukizi haya hayatoki kwenye nyama bali kwenye kinyesi cha binadamu. Mtu mzima mwenye maumivu ya kichwa aliyeanza kupata degedege au kifafa ukubwani anahitaji picha ya ubongo.

La pili ni jiko la mkaa. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza, watu huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala rangi. Huanza na kichwa na kichefuchefu, na huweza kumaliza nyumba nzima usingizini. Swali ni jepesi: Je, wengine nyumbani wanaumwa kichwa pia? Unapata nafuu ukitoka nje? Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kisikudanganye, kwani katika sumu hii huonyesha namba nzuri. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi, apewe oksijeni, na waliobaki nyumbani wafuatwe siku hiyohiyo.

La tatu, kwa jamii za wafugaji kuelekea Ngorongoro, ni homa ya kutupa mimba kwa mifugo, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho, maumivu ya viungo na kichwa. Kipandauso hakina homa.

Kutuliza shambulizi

Kanuni ni mbili: mapema, na kwa kipimo kinachotosha. Wakati wa shambulizi tumbo hupunguza mwendo wake, na kidonge kilichomezwa saa tatu baada ya maumivu kuanza hukaa humo bila kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wagonjwa wengi husema kwamba parasetamo "haiwashiki". Ukiwauliza, utakuta walikunywa kidonge kimoja, tena baada ya kuvumilia tangu asubuhi.

Mtu mzima asiye na kizuizi anywe ibuprofeni miligramu 400 hadi 600, au aspirini miligramu 900, mara tu anapohisi kwamba hiki ndicho kile. Parasetamo gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, huwafaa wenye shambulizi la wastani, na ndiyo chaguo la mjamzito. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asipewe ibuprofeni wala aspirini. Aspirini pia haifai kwa walio chini ya miaka 16. Kwa mwenye kichefuchefu, metoklopramidi miligramu 10 hutuliza tumbo na husaidia dawa nyingine kuingia. Anayetapika kila anachomeza anaweza kuchomwa diklofenaki miligramu 75 kwenye msuli pamoja na metoklopramidi. Kisha apewe maji na mahali penye giza. Usingizi ni sehemu ya tiba.

Sumatriptani, dawa iliyoundwa mahsusi kwa kipandauso, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasiitumie. Ergotamini ya zamani isitolewe kwa mjamzito, wala kwa mwenye shinikizo la damu.

Kuna mtego ambao huwanasa wengi, hasa walio karibu na duka la dawa. Mwenye kipandauso anayekunywa dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa dawa za mchanganyiko, ergotamini, sumatriptani na dawa za jamii ya afyuni, siku 10 zinatosha kumwingiza mtegoni. Kipandauso kilichokuwa kikija mara tatu kwa mwezi hugeuka maumivu ya kila siku, anaamka nayo, anameza, yanapungua, yanarudi. Tiba ni kuiacha dawa hiyo. Wiki mbili za mwanzo kichwa huzidi kuuma, na mgonjwa asipoambiwa hivyo mapema atadhani ametupwa. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu ndio wa kwanza kumwona mteja wa namna hii, wakimuuliza tu, "Wiki hii umenunua mara ngapi?" watakuwa wamefanya kazi kubwa.

Kuzuia

Mwenye siku nne au zaidi za kipandauso kwa mwezi, au mwenye mashambulizi yanayomlaza kabisa, afikiriwe dawa ya kuzuia. Dawa mbili zinazopatikana kwa urahisi zinafaa. Propranololi huanza kwa miligramu 20 hadi 40 mara mbili kwa siku. Mwenye pumu asipewe. Amitriptilini huanza kwa miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, usiku kabla ya kulala. Huleta usingizi na ukavu wa mdomo, na humfaa sana yule ambaye usingizi wake umeharibika. Dozi hupandishwa polepole, na matokeo hayapimwi kabla ya wiki nane.

Dawa hizi hushindwa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: mgonjwa hakuelezwa. Anafika nyumbani, kijana wake aliyesoma anamwambia kwamba hii ni dawa ya presha, na ile ni dawa ya wagonjwa wa akili, na kifurushi kinaishia dirishani. Basi aambiwe mapema: "Mama, dawa hii huwapa pia wenye presha, wewe nakupa kwa kichwa. Usiinywe siku ya maumivu tu, kunywa kila siku. Mwezi wa kwanza huenda usione tofauti." Lengo pia litajwe kwa ukweli. Mafanikio ni siku za maumivu kupungua kwa nusu. Hatumwahidi mtu kwamba kichwa hakitauma tena.

Juu ya vichochezi nina neno. Vitabu huorodhesha jibini, chokoleti na mvinyo, vitu ambavyo mkulima wa Endabash anaweza kumaliza mwaka bila kuviona. Vichochezi vya huku ni kwenda shambani bila kunywa chai, kiu, jua kali la mchana, moshi wa mafiga, kukosa usingizi kwa kuuguza mtoto, na siku zinazotangulia hedhi. Badala ya kupewa orodha ya makatazo, mgonjwa aweke kumbukumbu katika daftari la shule: tarehe, saa kilipoanza, saa kilipoisha, dawa aliyokunywa, siku ya hedhi. Asiyeandika atachora alama kwenye kalenda. Miezi miwili ya alama hizo ina thamani kuliko maelezo ya kukumbukia.

Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa vikijumlishwa na kipandauso cha aina hiyo huongeza hatari ya kiharusi. Kitanzi, kijiti au njia nyingine isiyo na estrojeni humfaa zaidi. Swali la vimulimuli liulizwe katika chumba cha uzazi wa mpango.

Wagonjwa wengine watakuja na chale mbichi kwenye panda za uso. Kuwagombeza hakusaidii, walitafuta nafuu mahali ilipoahidiwa. Kisafishwe kidonda, waelezwe hatari ya wembe uliotumiwa na mwingine, na wapewe kile ambacho hawakupewa mara ya kwanza, yaani jina la ugonjwa na dawa ya kutosha.

Anayeshindwa kupata nafuu baada ya dawa moja ya kuzuia kutumiwa kwa dozi kamili apelekwe Karatu. Katika hospitali ya FAME mjini humo wataalamu wa magonjwa ya ubongo na neva kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija kwa miaka kadhaa kufanya kliniki pamoja na madaktari wa Kitanzania. Wanaohitaji uchunguzi mkubwa zaidi huenda KCMC, Moshi. Barua ya rufaa isiishie kwenye maneno "maumivu ya kichwa sugu". Itaje shambulizi hudumu saa ngapi, huja siku ngapi kwa mwezi, dawa gani imejaribiwa, kwa dozi gani na kwa wiki ngapi, na shinikizo la damu la siku hiyo. Daftari la mgonjwa liambatane na barua.